Unamushika Mukono Mpaka Lini?



Kuna ulizo moja ambalo wazazi wananiletea karibu kila juma: « Pasta, nifanye nini mutoto asipotee? » Ni ulizo zuri, na mutu asimucheke muzazi anayeuliza vile. Miji yetu ya migodi ni migumu. Pombe iko karibu, feza ya haraka iko karibu, na mashimo ya wachimbaji yamekula vijana wengi. Lakini kuna ulizo lingine, ndugu ya lile la kwanza, ambalo hakuna muzazi hata mmoja aliyekwisha kuniletea: « Pasta, nimuachilie lini? »

Leo nataka kusema juu ya hilo la pili. Sisemi juu ya mutoto wa miaka 8 wala wa miaka 14. Yule umushike, tena umushike sana. Nasema juu ya yule wa miaka 19, wa 23, wa 27, mwenye ndevu ao mwenye kuchumbiwa, ambaye baba na mama wangali wanamubeba mugongoni kama siku ile alipotoka ku maternite.

Ndugu mmoja wa kanisa letu anafanya kazi ku biro ambako wanapokea vijana wanaotafuta kazi ya mugodi. Alinielezea neno lililomuchekesha kwanza, kisha likamuhuzunisha. Kijana wa miaka 26, enjenyere kwa diploma yake, aliitwa aje kujibu maulizo. Akaingia pamoja na baba yake. Wakamuomba baba angoje inje, akakataa: « Mi njo nilimulipia masomo, niko na haki ya kusikia. » Basi wakamuachilia akae. Wakauliza kijana anakaa wapi, baba akajibu. Wakauliza alisoma nini, baba akajibu. Halafu wakauliza: « Kama mashini inasimama usiku na mukubwa wako hayuko, utafanya nini? » Hapo baba akanyamaza, maana hakujua. Na kijana, pa nafasi ya kujibu, akageuka akamutazama baba yake.

Kazi ilipewa mutu mwingine.

Kuna mama ambaye kila siku ya tano anapanda bisi kutoka Likasi mpaka Lubumbashi, zaidi ya kilometa 100, na sombe na samaki zilizofungwa vizuri mu kitambaa. Anafika ku homu ya wasichana ku Kasapa. Anafua nguo za binti yake wa miaka 22, anapanga sanduku lake, kisha anauliza wasichana wa chumba kwa sauti ya chini: « Siku ya tatu alilala hapa? » Anarudi kwake usiku na mugongo unamuuma. Yeye anasema ni upendo. Ni upendo kweli, sikatai.

Wengine wanapiga simu. Asubuhi kabla ya masomo, saa sita, saa kumi, usiku kabla ya kulala. Tena wanataka kusikia makelele ya fasi mutoto aliko, ili wajue kama anasema kweli. Wengine, na hawa nawaambia wazi kwamba wanatenda zambi, wanamutafuta mwalimu na bahasha wakati wa mitihani. Sitasema mengi juu ya hawa. Siku moja watalala ku meza ya hospitali, na daktari atakayeshika kisu atakuwa mutoto wa muzazi kama wao.

Inatoka wapi tabia hii? Wengine wanasema ni mambo ya kizungu yaliyoingia na televisheni. Mimi siamini. Ukitaka kujua inakotoka, tazama makambi yetu.

Union Minière ilianza mwaka wa 1906. Mwanzoni ilichukua wanaume kwa muda mufupi, na wanaume wale walikuwa wanakufa kwa magonjwa ao wanakimbia. Basi kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikabadilisha njia: ikamuruhusu mufanyakazi akuje na bibi yake, ikamupa nyumba ya matofali, ikajenga hospitali, ikajenga masomo ya watoto, ikawafundisha wamama kushona na kuosha mutoto mudogo. Na kila juma ikagawanya posho: bunga, samaki, mafuta. Hata lugha yetu imelinda alama ya mambo yale, maana mupaka leo siku ya sita tunaiita siku ya posho, na watoto wetu wanaitaja bila kujua sababu. Serikali ilipoichukua kampuni mwaka wa 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines, desturi ile ilibaki. Watu walisema ni baba, tena ni mama. Nyumba ikivuja, kampuni inatuma fundi. Mutoto akiugua, kampuni inamutunza. Kijana akimaliza masomo, kazi ya baba yake inamungoja.

Musifikiri nawacheka wazee wetu. Watu walikula, watoto walisoma, na wengi wetu tuko wazima kwa sababu ya hospitali zile. Lakini fikiri kidogo: mwanaume wa miaka 40, baba wa watoto 6, anayeongoza mashini kubwa kuliko nyumba, hakuwa na ruhusa ya kuchagua bunga anayokula. Alikuwa mukubwa ku kazi, na mutoto ku kambi.

Kisha baba yule akaanguka. Mu mwezi wa 9 mwaka wa 1990 mugodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulibomoka. Kampuni iliyotoa zaidi ya tani 400 000 za shaba mwaka wa 1986 haikufikisha hata tani 50 000 mwaka wa 1994. Mu 1992 na 1993 jamaa nyingi zilifukuzwa na kupanda treni kuelekea Kasai, na wengine walikufa mu njia. Mishahara ikachelewa mwezi mmoja, halafu mitatu, halafu watu wakaacha kuhesabu. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 walipewa feza wakaacha kazi « kwa hiari », na munajua namna watu walivyotamka lile neno hiari.

Mimi nilikuwa kijana mu miaka ile. Nakumbuka wababa waliokaa ku kiti mbele ya mulango tangu asubuhi, wamevaa vizuri, wanangoja. Wanangoja nini? Si kwamba walikuwa wavivu. Walikuwa watu wa nguvu kuliko sisi. Lakini hakuna mutu aliyewahi kuwaambia: tafuta wewe mwenyewe. Na wamama? Mama ambaye jina lake kampuni iliandika tu ku karatasi ya posho, yeye ndiye aliamuka saa kumi ya usiku, akaenda kulima kando ya muji, akauza makala, akauza maandazi, akalipa minervali. Hakungoja mutu amuonyeshe njia.

Sasa, ndugu musomaji, watoto wa siku zile ndio wazazi wa leo. Ni mimi, ni wewe. Wengi tulifukuzwa mu darasa kwa sababu ya minervali. Wengi tulilala njaa na kusikia mama analia mu jikoni. Basi kila mmoja wetu aliapa mu moyo wake: mutoto wangu hataona yale niliyoyaona mimi. Na Mungu akatusaidia. Tangu Kanuni ya Madini ya 2002 masosiete ya inje yakaingia, wengine wetu tukapata mushahara wa dola. Na bila kujua tumefanya nini? Kila mumoja wetu amekuwa Gécamines ya mutoto wake. Tunatoa posho, tunatuma fundi, tunachagua masomo, tunatafuta kazi. Tumewajengea watoto wetu kambi ile ile iliyotuangukia sisi.

Sasa nitasema juu ya nyumba moja ninayoijua. Sitataja muji.

Baba wa nyumba ile alikuwa mutu wa akili na wa sala. Bibi yake alikufa wakati watoto wao 3 walikuwa wangali wadogo, na ndiyo sababu aliwashika kwa mikono miwili. Alifanya yote peke yake. Aliwaandikisha ku masomo, aliwapeleka mpaka mbele ya mulango wa universite, alilipa, alikunja karatasi na kuziweka mu kabati lenye funguo. Hata viatu vya kijana wake mukubwa, aliyekuwa na miaka 28, ni yeye aliyechagua. Alikuwa na parsele mbili. Siku moja musichana wake alimuuliza juu ya karatasi za nyumba, akamujibu kwa upole: « We soma tu, mama. Ile ni mambo ya bakubwa. » Musichana yule alikuwa na miaka 25.

Baba aliugua siku 4.

Kilio kilipokwisha, ndugu zake walikaa mu chumba cha wageni wakafunga mulango. Walipotoka, neno lilikuwa limekwisha kukatwa: parsele moja itauzishwa, na ya pili itashikwa na baba mudogo « mpaka watoto wakomae ». Wa miaka 28, wa 25 na wa 21! Nilikuwa pale. Nilimuuliza kijana mukubwa: karatasi ziko wapi? Hakujua. Feza ya baba iko ku banki gani? Hakujua. Umekwisha kuingia ku biro ya komine? Akaniambia: « Pasta, kila mara ilikuwa baba. »

Na sheria ilikuwa upande wao. Kanuni ya Jamaa ya 1987, ile iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inaweka watoto wa marehemu mu kundi la kwanza la warithi, na inawapa robo 3 za mali yote. Robo 3! Lakini sheria haina miguu. Inangoja mutu wa kusimama mbele ya dirisha la biro na kusema: jina langu ni fulani, nimekuja juu ya neno hili, na sitatoka mpaka munijibu. Watoto wale walikuwa na diploma 2 kati yao, na hakuna aliyejua kusema vile. Tulipopata mutu wa sheria wa kuwasaidia, parsele ya kwanza ilikuwa imekwisha kuuzwa, na aliyeinunua alikuwa amekwisha kujenga ukuta. Ya pili walirudishiwa nyuma ya miaka 2 ya kwenda na kurudi ku tribinali. Aliyekwenda na kurudi ni nani? Ni yule mudogo, wa miaka 21. Kijana mukubwa alikuwa anangoja ku nyumba.

Baba yule aliwapenda watoto wake kuliko wababa wengi ninaowajua. Lakini alipokufa, kila kitu alichowafanyia kilikufa pamoja naye.

Si wote wanaotoka hivyo. Kuna watoto ambao wakishikwa sana hawawi viwete, wanakuwa werevu. Musichana anayepigiwa simu mara 6 kwa siku anajifunza kusema « niko mu oditware » akiwa fasi ingine kabisa, na rafiki yake anamusaidia kufanya makelele ya darasa. Wamama, musikasirike: vijana wenu wananielezea mambo haya kwa kucheka, nami sicheki. Kwa sababu siku atakapoingia mu taabu ya kweli, siku atakapogundua kwamba ana mimba ao ameambukizwa ugonjwa, hatawapigia ninyi. Amekwisha kuzoea kuwaficha.

Najua kuna baba anayesoma mustari huu na kusema: « Pasta anataka watoto wetu wakuwe kama wa bazungu, miaka 18 na mulango. » Hapana, ndugu yangu. Ni kweli sheria yetu inasema mutu akitimiza miaka 18 ni mukubwa. Lakini kwetu mutu hatoki mu jamaa yake, hata akiwa na mvi. Mutoto wa miaka 50 anapiga magoti mbele ya mama yake, na ni vizuri. Wala siwaambii mumukatie mwanafunzi feza. Ataishi na nini? Kazi zenyewe haziko. Nasema juu ya kitu kingine.

Tazama wazee wa zamani, mbele ya kambi. Walunda na Wachokwe walikuwa na mukanda. Mwana alitolewa mu mikono ya mama yake, akapelekwa porini, na mama hakuwa na ruhusa ya kukanyaga kule. Aliporudi hakuitwa tena mutoto. Sitetei yote yaliyofanyika mu mukanda, na kanisa letu liko na sababu zake. Lakini wazee wale walijua neno moja tulilolisahau: muzazi hawezi kumuachilia mutoto wake siku moja tu kwa kupenda kwake, maana siku ile haitafika. Moyo wa muzazi kila mara utasema bado. Ndiyo maana kijiji kizima kilipanga siku, na mama alie asilie, siku ilifika. Sisi tuko na siku gani? Diploma? Harusi? Mama mmoja alinijibu: « Siku nitakufa. » Alikuwa anacheka, lakini si sana.

Mu Injili ya Matayo, sura ya 20, munamukuta mama wa watoto wa Zebedayo. Wavulana wake walikuwa wanaume wenye kazi yao, wavuvi walioacha nyavu na kumufuata Yesu. Mama akaja nao mbele ya Yesu akawaombea viti viwili, kimoja kuume na kimoja kushoto. Tunamucheka mama yule kila mwaka ku mahubiri, lakini kila parokia iko naye. Angalieni Yesu alifanya nini. Hakumufukuza, wala hakumuhaibisha. Aliwageukia wavulana wenyewe na kuwauliza kama wataweza kunywa kikombe chake. Ulizo lilitoka kinywani mwa mama, jibu likaombwa kwa watoto. Na wakajibu wao, kwa kinywa chao, neno kubwa kuliko walivyoelewa.

Mama yule anaonekana tena mu sura ya 27, pamoja na wanawake waliosimama mbali wakitazama musalaba. Hapo hakuomba kitu. Lakini hakuondoka. Mimi napenda sana kumufikiri akisimama pale, mikono mitupu. Kuna siku nyingi katika maisha ya mutoto mukubwa ambapo kazi ya muzazi ni ile tu, na ni kazi nzito kuliko kubeba sombe kutoka Likasi.

Juu ya ndoa nitasema kidogo, maana nimekwisha kusema mengi mu gazeti hili. Wazazi wanapokea mali ya ndoa, ni sawa, sheria yetu na desturi yetu zinaomba vile. Lakini sheria hiyo hiyo inaomba kila mumoja wa wachumba akubali yeye mwenyewe. Mama mukwe ambaye yuko na funguo ya nyumba ya kijana wake, tena anafungua bila kubisha, arudishe ile funguo. Leo hii.

Kwenu ninyi vijana, musifurahi mapema. Nawajua. Unataka baba asiulize unafanya nini, lakini feza ikikwisha tarehe ya 10 unamupigia simu kwa sauti ya mugonjwa. Unataka kuchagua muchumba peke yako, lakini umefika miaka 25 na hujui kupika bukari, wala hujui bei ya makala. Muzazi anayekubeba amechoka. Wakati mwingine anakubeba kwa sababu hujamuonyesha kama una miguu. Kaa na baba yako jioni moja umuulize: tunapata ngapi kwa mwezi mu nyumba hii, na inakwenda wapi? Umuombe akuonyeshe mahali karatasi ziko. Wababa wengi watashituka. Wengine watafikiri unangoja wakufe. Rudi tena kisha siku chache, kwa heshima, na pamoja na mama kama yuko.

Na wewe baba, uanze na kidogo. Kuna baba mmoja wa Kolwezi aliyenielezea alivyoanza yeye. Kijana wake alikuwa anasoma Lubumbashi, karibu kilometa 300. Kila siku mbili baba alikuwa anamutumia feza kidogo kwa simu: leo ya bisi, kesho ya fotokopi, kesho kutwa ya sabuni, na kwa kila moja kijana alipaswa kueleza. Baba akachoka. Mwezi mmoja akamutumia dola 60 zote kwa mara moja, tarehe ya 1, akamuambia: hii ni ya mwezi muzima, hesabu mwenyewe.

Tarehe ya 12 simu ikalia. Feza imekwisha. Baba akauliza tu: « Sasa utafanya nini? » Kijana akanyamaza. Baba naye akanyamaza. Kisha wakaagana.

Kijana alikula ku wenzake siku chache, na haya ikamushika. Halafu akaanza kunyoa wenzake nywele ku homu, franga kidogo kwa kichwa kimoja. Mwezi wa pili feza ilifika tarehe ya 23. Mwezi wa tatu alipiga simu tarehe ya 30, na baba akajitayarisha kusikia maombi. Lakini kijana alitaka kumuambia tu kwamba mufuko wa bunga umepanda bei Lubumbashi, na kuuliza kama kule Kolwezi ni vile vile. Wakasema juu ya bei ya bunga karibu nusu saa, kama wanaume wawili. Baba aliniambia mwezi ule wa kwanza hakulala. Kila usiku alikuwa anaona mutoto wake ana njaa, na mara mbili alishika simu akairudisha ku meza.

Alipokuwa ananielezea haya, mama wa nyumba alikuwa anamenya viazi karibu nasi. Akaanza kucheka peke yake. Tukamuuliza. Akasema mwezi ule ule wa kwanza, alimupa dreva wa lori mufuko mudogo wa bunga aupeleke Lubumbashi, na ndani ya bunga alikuwa amezika dola 10. Dreva alijua, kijana alijua, wadogo zake wote walijua. Baba alikaa kimya muda murefu, kisha akauliza: « Basi ile mashini ya kunyoa, aliinunua na feza gani? »